Barua ya wazi: Mafuta ya kupima na macho yetu

Kwa:
Waziri wa Afya
Waziri wa Kilimo
Waziri wa Viwanda na Biashara
Waziri wa Mifugo na Uvuvi
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)

YAH: MAFUTA YA KULA KUINGIZWA KWENYE MPANGO WA TAIFA WA MACHO

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote kwa pamoja kwa sababu nikimwandikia mmoja wenu atanijibu, tena kwa haki, kwamba jambo hili si la wizara yake. Macho yako Afya. Alizeti na michikichi iko Kilimo. Viwanda na viwango viko Biashara. Dagaa wako Uvuvi. Na tangu Julai 2019, usalama wa chakula ulipotolewa kwenye iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) na kupelekwa TBS, hata anayepima vitamini ndani ya mafuta hayuko tena wizara moja na anayemtibu mtoto aliyeikosa vitamini hiyo. Sina ugomvi na uamuzi ule. Ninachosema ni kwamba jicho limebaki katikati ya meza zenu, na kila mmoja anadhani mwenzake ameliona.

Mimi ni muuguzi wa macho, kazi yangu imekuwa mikoa ya kati. Dai langu ni moja. Mafuta anayokula mtu wa kipato cha chini, yale ya kupima, yasiyo na lebo, yanayouzwa kwa kikombe gengeni au kwenye chupa ya maji iliyooshwa, yaingizwe kwenye mpango wa kuzuia upofu nchini. Leo sheria inailinda zaidi chupa yenye nembo iliyopangwa dukani. Anayeimudu chupa hiyo mara nyingi anamudu pia yai, maziwa na maini. Aliye hatarini ni mtoto wa yule anayekwenda gengeni na kikombe.

Nieleze kwanza kwa nini mafuta yanahusu macho, maana hata kwenye vikao vya lishe nimewahi kuona watu wakishangaa.

Vitamini A huyeyuka kwenye mafuta. Mtoto akila mchicha, matembele, boga au viazi lishe, anakula karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini utumbo hauwezi kuipokea karotini hiyo vizuri pasipo mafuta kwenye mlo uleule. Hayahitajiki mengi, kijiko kimoja cha chai kinatosha, au karanga zilizosagwa zikatiwa kwenye mboga. Mboga ikiliwa chukuchuku, sehemu kubwa ya karotini hupita tumboni na kutoka ilivyoingia. Ndiyo maana unakuta nyumba ina tuta la mchicha mlangoni na ndani kuna mtoto asiyeona vizuri magharibi ikiingia.

Mama ndiye hugundua kwanza. Atakwambia mtoto anajikwaa jioni, anapapasa sahani, hataki kutoka nje wakati wenzake bado wanacheza. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hutumia vitamini A kutengeneza kemikali inayonasa mwanga hafifu, kwa hiyo ikipungua, uwezo wa kuona gizani ndio unaotangulia kuondoka. Baadaye weupe wa jicho hukauka na kutoa madoa yanayofanana na povu. Mtoto akifika hapo bila kutibiwa, konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, inaweza kulainika na kutoboka katika siku chache. Akiugua surua katikati ya upungufu huo, mambo huenda kasi zaidi. Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha mwaka 1987 uchunguzi wa watoto 130 wa Kitanzania waliokuwa na vidonda vya konea, na zaidi ya theluthi moja ya vidonda hivyo vilifuatia surua. Chanjo imepunguza sana habari hiyo, na nawashukuru waliotangulia kwenye viti vyenu. Lakini chanjo haileti vitamini A kwenye ini la mtoto.

Mnajua hali ilivyokuwa. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu mtoto mmoja kati ya watatu wenye umri wa miezi 6 hadi 59 alikuwa na upungufu wa vitamini A. Jibu letu kubwa limekuwa matone ya Juni na Desemba: kidonge cha bluu cha yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, chekundu cha 200,000 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Ni kazi nzuri, inaokoa maisha, na nimezikata mwenyewe ncha za vidonge hivyo kwa mkasi mpaka vidole vikateleza. Vinateleza kwa sababu ndani yake ni mafuta. Ila dozi ya Juni haimbebi mtoto kwa kiwango kilekile mpaka Desemba. Miezi ya katikati inabebwa na sufuria ya nyumbani.

Kwa ajili ya sufuria hiyo mlitunga kanuni. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza mafuta ya kula yaongezwe vitamini A kiwandani, na mpango wa kitaifa ukazinduliwa 2013. Viwanda vikubwa vina mitambo na maabara, na mkaguzi anajua geti lilipo. Njooni sasa Singida.

Hapa alizeti inakamuliwa kwenye mashine ndogo zilizotapakaa mijini na vijijini. Mkulima analeta gunia, mashine inakamua, mashudu yanaenda kwa wafugaji, mafuta yanachujwa na kumiminwa kwenye madumu. Ni mafuta matamu, yana harufu ya alizeti yenyewe, na sitaki mtu yeyote aseme nimeyakashifu. Lakini kwa asili alizeti haina vitamini A ya kutegemewa, na sehemu kubwa ya wakamuaji hawa hawaongezi chochote, kwa kuwa hakuna aliyewapelekea kirutubisho kwa ujazo wanaoumudu wala kuwaonyesha namna ya kukichanganya.

Kisha pitieni barabara kuu ya Dodoma hadi Singida mchana. Mafuta yamepangwa mezani kando ya lami, kwenye chupa angavu, jua likiyapiga tangu asubuhi. Yanapendeza kwa mpita njia, yana rangi ya dhahabu. Vitamini A haipendi mwanga, haipendi hewa, haipendi joto. Hata mkimlazimisha kila mkamuaji aongeze kirutubisho kesho, chupa hiyo itakila kabla ya mnunuzi kufika nyumbani. Kwa hiyo naomba mwanzie kwenye chombo. Dumu zito la njano ambalo watu wa mjini wanalidharau linakinga mwanga kuliko chupa angavu. Kibanda chenye kivuli kwenye vituo vya mabasi, chupa za rangi nzito zinazopatikana kwa jumla katika ofisi za SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, na maelekezo ya sentensi mbili kwa mama anayeuza: haya hayahitaji mfadhili.

Na kuhusu kuongeza kirutubisho kwenye mashine ndogo, tusiambiane haiwezekani. Mradi wa MASAVA ulifanya hivyo Manyara na Shinyanga kwa mafuta ya alizeti yasiyosafishwa, pamoja na punguzo la bei lililotumwa kwa simu ili mnunuzi ayachague yaliyoongezwa vitamini. Kwa nini jambo likifaulu kwenye mradi hufa siku mradi unapofungwa, hilo ni swali lenu kuliko langu. Ninachoomba ni kirutubisho kipatikane SIDO kwa vipimo vidogo, bila mlolongo wa vibali, na mafunzo yatolewe pale mashineni wakati wa msimu.

Sasa Kigoma. Tangu Waziri Mkuu alipoanzisha kampeni ya michikichi mwaka 2018, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora ya tenera, aina ya mchikichi wenye mafuta mengi, mjadala wote umekuwa wa tani na fedha za kigeni. Naelewa. Zaidi ya nusu ya mafuta tunayokula tumekuwa tukiyaagiza, mengi yakiwa ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, na mwaka 2022 Indonesia ilipofunga mauzo ya nje kwa wiki kadhaa tuliona sote bei ilivyokuwa. Sisi wa kliniki tuliiona kwa namna yetu: mafuta yakipanda, kinachoondolewa kwanza kwenye sufuria ni kile kijiko cha mtoto.

Lakini katika hotuba za michikichi nilizosikiliza sijasikia neno jicho, na hapo ndipo roho inaniuma. Mawese mekundu yana karotini nyingi kuliko karibu chakula chochote cha mmea tunachokijua. Ule wekundu ndiyo karotini yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulifanyika hapahapa, kwa wajawazito na wanaonyonyesha wa vijijini Tanzania, na waliokula mawese mekundu karotini iliongezeka kwenye maziwa yao. Mtoto alikuwa anapata kinga kabla hajajua kutafuna.

Kiwanda cha kusafisha huondoa wekundu huo. Husafisha, hung'arisha, huondoa harufu, na kinachotoka ni mafuta meupe ya kukaangia chipsi. Kisha sheria inamwambia mwenye kiwanda anunue vitamini A kutoka ng'ambo airudishe humo. Kama mafanikio ya Kigoma yatakuwa viwanda vikubwa vya kuyang'arisha mawese yetu, basi tutakuwa tunalipa mara mbili: kuitoa dawa, na kuirudisha. Hata jikoni jambo hili lipo. Wapishi wengi huyachoma mawese kwenye moto mkali mpaka wekundu uishe, kwa kuwa mgeni hapendi harufu. Afisa lishe akifundisha jambo moja tu Kigoma mwaka huu, na lifundishwe hilo: mawese yasichomwe yakawa meupe, yatiwe kwenye maharage au mboga mwishoni.

Naomba sehemu ya mawese ya Kigoma ibaki nyekundu kwa makusudi, isindikwe kwa usafi, ifungwe kwenye chombo kisichopitisha mwanga, na iende kwenye chakula cha shule na kliniki za wajawazito za mikoa ya kati ambako mchikichi hauoti. Nazungumzia mawese, tusichanganye na mise. Mafuta ya mise yanayotoka kwenye kokwa hayana karotini hiyo na ni mazito kupita kiasi. Hayo yaendelee na sabuni.

Mtaniuliza, na wataalamu wenu watawanong'oneza, mbona karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayoganda, yale tunayowakataza wagonjwa wa moyo? Ni kweli. Kijiko cha mawese kwenye uji wa mtoto wa miaka miwili na upawa wa mawese kwenye sufuria ya mzee mwenye kisukari ni mambo mawili tofauti. Nchi yenye watoto wasioona jioni na wazee wanaopofuka kwa sukari inahitaji ushauri wa aina mbili, na mabango yetu ya "punguza mafuta" yanazungumza na mzee peke yake. Nimemwona mama kijijini, mwembamba, anamnyima mtoto mafuta kwa sababu redio imesema mafuta yanaua.

Twende kwa mzee basi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Kliniki ya uchunguzi wa retina iliyoanzishwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari wa Kilimanjaro ilikuta zaidi ya robo yao tayari wana madhara kwenye retina. Mishipa midogo ya nyuma ya jicho inavuja, na kinachovuja ni pamoja na mafuta ya damu. Ukimpima mgonjwa wa namna hiyo unayaona kwa macho yako, madoa ya manjano yamejipanga kuizunguka sehemu ya kuonea.

Hapa kuna habari ambayo imekaa miaka mingi bila kufika kwenye zahanati zetu. Mwaka 2007 matokeo ya utafiti uitwao FIELD, uliohusisha watu 9,795 wenye kisukari, yalionyesha kuwa waliotumia fenofibreti, dawa ya zamani ya kushusha mafuta ya damu, walihitaji matibabu ya miale ya leza kwa takribani theluthi moja pungufu ya wengine. Mwaka 2024 utafiti wa LENS wa Scotland ukaja na ushahidi wa upande huohuo: kuendelea kwa ugonjwa wa retina kulipungua kwa asilimia 27. Cha kushangaza, nafuu hiyo haielezwi vizuri na kushuka kwa mafuta ya damu peke yake, ni kama dawa ina njia yake nyingine ndani ya jicho. Mheshimiwa Waziri wa Afya, naomba kamati ya mwongozo wa tiba iiangalie. Mashine za leza ziko chache na ziko mbali. Kidonge kinaweza kufika kituo cha afya.

Kuhusu mafuta yaliyogandishwa kiwandani, yale ya transi, utafiti wa Melbourne uliochapishwa 2009 uliyahusisha na hatua za mwisho za ugonjwa wa makula, ule unaofuta katikati ya picha kwa watu wa umri mkubwa. Kwa jicho ushahidi huo bado ni mwembamba. Kwa moyo ni mzito mno. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2018 kikomo cha gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta. Naomba kikomo hicho kipimwe sokoni, hasa kwenye mafuta ya kupima na yale ya kukandia keki na maandazi, badala ya kuishia kwenye karatasi.

Dagaa sikuwasahau. Retina ina aina moja ya mafuta ya omega-3, DHA, kwa wingi usiopatikana karibu kwingine kokote mwilini, na samaki wa mafuta ndiye anayetupa. Tafiti nyingi zimeona kwamba wanaokula samaki mara kwa mara huugua makula kwa uchache. Mwaka 2001 kundi la watafiti wa Marekani liliona zaidi: faida ya samaki ilijitokeza kwa wale ambao mlo wao haukuwa na omega-6 nyingi, aina ya mafuta iliyojaa kwenye alizeti. Maana yake ni kwamba dagaa anayeogelea kwenye alizeti si sawa na dagaa wa mchuzi. Nalisema hili nikiwa Singida, mnisamehe majirani.

Tunaye huyo samaki. Dagaa wa Mwanza, dagaa wa Kigoma, bei yake hata fundi baiskeli anaimudu. Lakini anaanikwa mchangani, mvua ikinyesha anaoza, na shehena iliyojaa mchanga inaishia kwenye chakula cha kuku. Sangara ananunuliwa na Ulaya minofu, sisi tunabaki na mapanki. Wizara ya Uvuvi ikijenga vichanja vya kuanikia kwenye mialo itakuwa inafanya kazi ya macho, hata kama bajeti yake haitalitaja jicho.

Pengo hilo limejazwa na wauza vidonge. Kwenye semina za hotelini na makundi ya simu, wazee wanauziwa vidonge vya mafuta ya samaki kwa fedha ya kununulia dagaa wa mwaka, wakiambiwa vinaondoa mtoto wa jicho, presha ya macho, ukavu na kila kitu. Utafiti wa AREDS2, wa zaidi ya watu 4,000 Marekani, ulitoa majibu mwaka 2013: kuongeza vidonge vya omega-3 hakukupunguza kasi ya ugonjwa wa makula. Mwaka 2018 utafiti wa DREAM ulikuta vidonge hivyo havivishindi vya mafuta ya zeituni kwa macho makavu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na presha ya macho hairudishi ilichokwisha kuiba. Kila mwezi mgonjwa anaopoteza kwenye vidonge, jicho linakwenda. Matangazo haya yana wenye mamlaka ya kuyazuia, na wako kwenye orodha niliyoianza nayo barua hii.

Juni watoto watakuja tena kwa matone. Vipo vifaa vya mkononi vinavyopima vitamini A kwenye mafuta kwa dakika chache. Naomba kabla ya mwezi huo TBS na maafisa lishe wa halmashauri wachukue sampuli za mafuta ya kupima kwenye soko kuu la kila wilaya, wapime, na matokeo yabandikwe ukutani kwenye kila zahanati, kwa Kiswahili, pamoja na jina la soko. Mama aliyempakata mtoto kwenye foleni ana muda wa kuyasoma.

Natanguliza shukrani.

Muuguzi wa macho,
Singida

Nakala:
Katibu Mkuu, TAMISEMI
Mkurugenzi Mtendaji, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania
Wakuu wa Mikoa ya Singida, Dodoma na Kigoma
Wakamuaji wa alizeti wote watakaoipata kwa simu